Moto Uliokatazwa

Nchi ya Gorong'a iko upande ule wa Mkoa wa Mara ambako Wilaya ya Tarime na Wilaya ya Serengeti hukaribiana, na mto Mara, ukiwa umetoka mbali katika milima ya Mau huko Kenya na kupita katika mbuga za wanyama, huteremka polepole kuelekea Ziwa Victoria. Mwezi wa Juni unapokwisha, na mvua za masika zimekwisha kukatika, huingia huko majira ambayo watu wa pwani huyaita kipupwe, na ambayo mgeni aliyefundishwa shuleni kwamba nchi hii haifiki hata digrii mbili kusini mwa ikweta hayatarajii kabisa. Hupanda basi Mwanza asubuhi amevaa shati jepesi, na jioni akishuka Tarime huwa anauliza wapi wanauza makoti ya mitumba. Sababu yake haina siri. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ardhi ya Tarime hupanda kutoka hapo hata ikapita mita 1,500. Tena kiangazi mbingu huwa tupu, hazina wingu la kuifunika nchi, basi joto lote ambalo udongo umelikusanya mchana hupotea angani usiku, na mtu aliyetafuta kivuli adhuhuri huamka alfajiri akitafuta blanketi la pili.

Baridi hii si ile ya Ulaya. Haina theluji, wala haiupunguzi mchana, kwani kwetu mchana una saa kumi na mbili Julai kama Disemba, hali jamaa zetu waliokwenda kufanya kazi London huona mwezi wa Disemba mwanga usiotimia saa nane, wakaenda kazini gizani na kurudi gizani, na wengi wao hukiri kwamba giza hilo huwaingia hata moyoni. Sisi tumeepushwa na giza. Lakini hatukuepushwa na alfajiri, na alfajiri ndiyo inayowakuta watu wakiwa kazini: muuguzi wa zahanati anayemaliza zamu ya usiku, mlinzi wa mifugo, kijana anayekamua ng'ombe kwa vidole vilivyokufa ganzi, mwalimu wa darasa la saba. Na juu ya kila mmoja wa hao yuko mtu aliyepewa dhamana ya kumwongoza.

Swali ninalotaka kulitafakari ni la kale, nalo lina pande mbili ambazo aghalabu tunautazama mmoja tu. Je, kiongozi ana haki ya kuuhurumia mwili wake katika majira ya taabu, ilhali wale waliowekwa chini yake wanataabika? Huo ndio upande tunaoupenda, kwa kuwa jibu lake linatupa nafasi ya kuwashutumu wakubwa. Upande wa pili hatuuulizi: je, ana haki ya kutouhurumia? Malezi yetu, ya msikitini, ya kanisani na ya barazani, yamemsifu sana kiongozi asiyelala. Tunapomzika mtu wa cheo tunasema marehemu alikuwa hajui likizo, na tunalisema hilo kwa fahari mbele ya mjane wake, ambaye pengine ndiye peke yake anayejua fahari hiyo ilivyowagharimu. Mimi nina shaka na sifa hiyo, na shaka yangu haikutokana na kupenda raha, ingawa raha siichukii.

Tumchukue mwalimu mkuu wa shule ya msingi, si huyu wala yule, bali wa aina ambayo kila aliyesoma shule za vijijini anaijua. Mtihani wa darasa la saba hufanywa Septemba, kwa hiyo Julai na Agosti, ndani kabisa ya kipupwe, ndiyo miezi ambayo shule hukaza uzi: watoto huitwa kabla ya jua kutoka, na walimu nao hutakiwa wawe wamekwisha kufika. Mwalimu mkuu wetu huwa wa kwanza. Saa kumi na moja na nusu, giza bado halijapasuka, tochi yake huonekana ikishuka njiani. Amevaa shati la mikono mirefu, hana sweta, suruali imelowa umande hata magotini, na anapojaribu kulifungua kufuli la ofisi vidole humkatalia, akavipulizia pumzi, akajaribu tena. Hajanywa chai. Atainywa saa nne, au hatainywa. Mwalimu wa hisabati, ambaye anakohoa tangu juma lililopita, anamwona katika hali ile na kuona haya kuomba ruhusa ya kwenda zahanati. Mwalimu mwenye mtoto mchanga, ambaye sheria ya kazi ya mwaka 2004 imempa hadi saa mbili kila siku za kumnyonyesha mwanawe, hathubutu kuitaja sheria hiyo, maana mbele ya mtu asiyejipa hata sweta kuomba saa mbili ni kujitangaza mvivu. Na watoto, ambao wengi wao wamekuja na kandambili, hukaa wamejikunyata kwenye madawati na kungoja jua lipande wapate kushika kalamu vizuri.

Hakuna aliyekatazwa kitu. Ukimuuliza mwalimu mkuu atakuapia kwamba hajamnyima mtu ruhusa hata siku moja, na atakuwa mkweli. Katazo halikuandikwa popote. Limo katika shati lile. Mtu huyu mwema, mcha Mungu, asiyeiba hata chaki ya serikali, ameufanya mwili wake kuwa kipimo, na kwa kuwa amejipimia kidogo, wote walio chini yake hawawezi kujipimia zaidi bila ya kuonekana wamepunja. Ukarimu wake wa kujinyima umegeuka ubahili juu ya watu wengine, naye hana habari.

Katika vitabu vya dini ziko hadithi nyingi zinazoweza kutuongoza hapa, lakini moja naiona imekikaribia zaidi kiini cha mambo, kwa kuwa ndani yake mna kiongozi, mna watu wake, na mna baridi. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alimtuma Amr bin Al-Aas, ambaye alikuwa amesilimu miezi michache tu kabla yake, aongoze jeshi la watu kiasi cha 300 kuelekea kaskazini, upande wa Shamu, katika vita vilivyokuja kuitwa Dhatu Salasil. Alipotambua kwamba adui ni wengi akaomba msaada, akaletewa watu 200 wengine, na miongoni mwao walikuwamo Abubakar na Umar, watu waliomtangulia katika dini kwa miaka mingi na ambao sasa iliwapasa wamtii. Usiku ulikuwa wa baridi kali. Askari wakataka kukoka moto waote, Amr akakataza. Umar alikasirika, na katika mapokeo yaliyotufikia Abubakar ndiye aliyemtuliza, akimkumbusha kwamba Mtume hakumweka mtu huyu juu yao ila kwa ujuzi wake wa vita. Wakalala na baridi yao.

Usiku mmoja wa safari hiyohiyo Amr aliamka akiwa na janaba, na sharia ikamtaka aoge mwili mzima kabla ya swala ya alfajiri. Maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kuogopesha. Hakuoga. Alitayamamu kwa udongo badala ya maji, akasimama mbele, akawaswalisha. Basi tazama, ewe msomaji, mambo haya yalivyoonekana machoni mwa askari wa kawaida aliyetetemeka usiku kucha bila moto kwa amri ya mkubwa wake, kisha asubuhi akamwona mkubwa yuleyule akijipa ruhusa ya kuyakwepa maji kwa sababu ya baridi ileile. Mimi ningenung'unika. Nao walinung'unika; waliporejea Madina walimshitaki kwa Mtume kwa yote mawili.

Majibu ya Amr yanastahili kusomwa na kila aliyepewa ofisi. Juu ya moto alisema kwamba jeshi lake lilikuwa dogo, na mioto ingemwonyesha adui uchache wao. Juu ya kuoga alisema kwamba aliogopa kufa, akaitaja ile aya ya Sura ya An-Nisaa inayowakataza waumini kuziua nafsi zao. Wapokezi wanasimulia kwamba Mtume alicheka, wala hakusema neno la kumlaumu.

Nimeifikiri hadithi hii mara nyingi, na kila mara naona jinsi ilivyo rahisi kuitafsiri vibaya. Mtu wa haraka atasema Amr alikuwa mnafiki, alijipendelea mwenyewe na kuwanyima watu wake. Na mtu wa haraka wa kundi la pili atasema mkubwa ni mkubwa, ana ruhusa zake. Wote wawili wamekosea, kwa kuwa wanapima nani aliteseka zaidi, kana kwamba mateso ni mahari ambayo kiongozi hulipa ili apewe watu. Amr hakupima hivyo. Kila mara alipima jambo moja, nalo ni uhai: moto ungewaua watu wake, basi akauzuia, maji yangemuua yeye, na jeshi lililofiwa na amiri ugenini hufa nusu, basi akayaepuka. Lau angeoga ili aonekane shujaa, asingempunguzia askari hata mmoja baridi yake. Hapo ndipo inapomfaa mwalimu mkuu wetu kujiuliza ni mtoto gani aliyepata joto kwa sababu ya sweta ambayo yeye hakuivaa.

Lakini liko jambo la pili katika hadithi hiyo, ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko la kwanza. Askari wale walikuwa na mahali pa kushitaki. Baridi waliyoivumilia ilikuwa na sababu inayoweza kusemwa kwa sauti, na aliyeiamuru alisimamishwa akaisema, mbele ya aliye juu yake, na wao wakaisikia. Hali kadhalika ruhusa aliyojipa nafsi yake haikufichwa nyuma ya pazia la hema, bali ilifanywa hadharani, ikalalamikiwa hadharani, ikajibiwa hadharani. Taabu yenye sababu iliyosemwa, mtu huweza kuibeba hata akailalia. Taabu isiyo na sababu, au yenye sababu ambayo hakuna anayethubutu kuiuliza, humla mtu ndani hata kama ni ndogo. Ndiyo maana mwalimu mwenye kikohozi huumia zaidi ya askari wa Dhatu Salasil: yeye hakuamriwa na mtu, basi hana wa kumshitaki.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa, na huyo Umar uliyemtaja, je? Mbona katika Mwaka wa Majivu, mwaka wa 18 wa Hijra, ukame ulipoikausha Hijazi na watu wakafa njaa, Khalifa Umar alijinyima samli na nyama akala mafuta tu, hata rangi ya uso wake ikabadilika, akaapa kwamba hatarudia chakula chake mpaka watu wapate? Je, huyo naye alikosea? Hoja hii ni nzito, na sitaki kuipita kwa mzaha. Katika uhitaji wa kweli, pale kitu chenyewe hakitoshi, kiongozi aliyeshiba ni aibu ya umma, na tonge aliloliacha Umar lilikuwa tonge halisi lililoweza kuingia katika kinywa kingine. Ila wanaomwiga husahau nusu ya habari. Umar hakukaa Madina akangojea sifa za kufunga kwake. Aliwaandikia magavana wake wa Shamu na Iraki, na misafara ya ngamia wenye unga na mafuta ikaja, naye akasimamia ugawaji kwa macho yake. Njaa yake ilikuwa ukumbusho wake mwenyewe wa barua ambazo bado hazijajibiwa. Viongozi wetu wengi wamechukua kufunga wakaacha kuandika. Mwalimu mkuu anayetetemeka pamoja na walimu wake, lakini hajaitisha kamati ya shule kuwaomba wazazi debe la mahindi na ulezi ili pawe na uji saa mbili asubuhi, wala hajamwandikia mtendaji juu ya madirisha yasiyo na vioo upande unaopigwa na upepo, huyo ameshika mkia wa sunna ya Umar.

Wala dini haikumwacha kiongozi mwenye bidii ajione salama kwa bidii yake. Muadhi bin Jabal, mwanachuoni na mwenye takwa, alikuwa akiwaswalisha watu wa mtaa wake Isha, na usiku mmoja akaanza kusoma sura ndefu kuliko zote. Mtu mmoja aliyeshinda kutwa akimwagilia kwa ngamia wake alichoka, akajitenga, akaswali peke yake na kwenda zake. Muadhi akamwita mnafiki. Kesi ilipofika kwa Mtume aliyekemewa hakuwa mkulima aliyechoka, alikuwa imamu. Akaamriwa asome sura fupi, kwani nyuma yake wamo wazee, wagonjwa na wenye shughuli. Na kwa Wakristo, Mtume Paulo, katika waraka wa pili kwa Timotheo, waraka uleule anaotangaza ndani yake kwamba mwendo ameumaliza, anamwomba kijana wake amletee joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, na ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mtu aliyekuwa tayari kufa hakuona haya kuomba koti. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mwendo ule. Juu ya joho sijasikia hata moja, nami nadhani Wakristo wa milima ya Tarime wangeyaelewa mara moja.

Turudi nyumbani. Wakuria, ambao ndio wengi wa nchi hiyo, tangu jadi wana iritongo, baraza la wazi ambalo wanaume wa eneo hukutana kuzungumzia mambo ya usalama na nidhamu, na katika miongo ya baadaye likaungana na utaratibu wa sungusungu uliotoka Usukuma na Unyamwezi, hasa kwa ajili ya wizi wa ng'ombe, balaa ambayo imewasumbua watu wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Basi kiongozi wa walinzi usiku wa Julai yumo katika fumbo lilelile la Amr bin Al-Aas, tena bila ya kuwa amelisoma mahali. Akiwasha moto mkubwa karibu na zizi, walinzi watapata joto, lakini macho yaliyozoea mwanga hayaoni gizani, na mwizi aliye kwenye vichaka anahesabu vichwa vyao kimoja kimoja. Akiuzima, zizi litalindwa na watu wanaotetemeka, ambao saa tisa ya usiku watakuwa hawafikiri ng'ombe tena, wanafikiri godoro. Busara niliyoisikia kwa wazee ni zamu: kundi moja liwe nje gizani, jingine liwe uani kwenye moto uliofunikwa na ukuta, na wapokezane kabla viungo havijakaza. Na kiongozi mwenyewe? Yeye naye aingie zamu. Asiwe mtu wa moto usiku kucha, na asiwe mtu wa giza usiku kucha, maana asiyekaribia moto kabisa hajui ni wakati gani wenzake wamechoka, na asiyeondoka motoni hajui lolote.

Hapa sharti niongeze neno la hadhari, ambalo si la falsafa bali ni la mauti. Mlinzi aliyepewa kibanda akafunga mlango na dirisha, akaweka jiko la mkaa miguuni ili aote, huenda asiamke; mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala akidhani ni usingizi. Anayewapa watu wake mkaa na asiwafungulie dirisha amewapa nusu ya huruma, na nusu hiyo inaua. Na moshi wa kuni katika jiko la ndani, hata usipoua usiku mmoja, huwazidishia wenye pumu na watoto wenye vichomi taabu ambayo tunaibandika jina la baridi, hali baridi ina sehemu yake tu.

Nimezungumza sana juu ya mwili, na kiongozi ana roho na akili pia. Mkoa wa Mara ulimtoa mtu aliyeongoza nchi nzima, na kijiji chake cha Butiama hakiko mbali na hapa ninapopazungumzia. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais, na nchi ikiwa katika misukosuko ya mwanzo ya Azimio la Arusha, alipata saa za kuufasiri mchezo wa Shakespeare kwa Kiswahili, na Mabepari wa Venisi ikatoka mwaka 1969. Na Butiama alijulikana kwa kupenda kucheza bao. Ningependa kujua ni waziri gani angethubutu leo kuonekana akicheza bao saa tisa alasiri siku ya kazi bila ya kuitwa mzembe. Sidhani kwamba saa zile ziliibiwa taifa. Mtu anayefanya kazi ya kuamua mambo ya watu wengi huitumia akili kama mkulima anavyoutumia udongo, na wakulima wa Tarime wanajua kwamba shamba lililolimwa mahindi mfululizo bila kupumzishwa hujibu kwa kuota kiduha. Isitoshe, Januari 1962, haijapita hata miezi miwili tangu uhuru, Nyerere aliuacha uwaziri mkuu akamkabidhi Rashidi Kawawa, ili apate nafasi ya kukijenga chama. Na serikali haikuanguka. Kiongozi ambaye ofisi yake haiwezi kusimama siku tatu bila yeye si hodari kama anavyodhani, ila hajamfundisha mtu.

Na hilo ndilo Yethro alilomwambia mkwewe, Nabii Musa, alipomwona ameketi peke yake tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu: kwamba atajichosha yeye na watu walio pamoja naye. Yethro aliwaunganisha wote wawili katika uchovu mmoja. Foleni ya watu waliosimama jangwani kutwa nzima wakimngoja mtu mmoja aliyechoka, hiyo nayo ni taabu aliyowaletea kiongozi kwa kutojihurumia, na ilimpasa mgeni, tena kuhani wa Midiani, aje kuiona.

Wanaoishika Sabato katika Tarime ni wengi, na Jumamosi utaona maduka yaliyofungwa na maksai wasiofungwa plau. Amri yenyewe, kama ilivyokaririwa katika Kumbukumbu la Torati, inatoa sababu ambayo inanishangaza kila ninapoirudia: bwana anaamriwa apumzike ili mtumwa wake na mjakazi wake wapate kupumzika kama yeye. Hakuamriwa tu awape watumishi mapumziko huku yeye akiendelea kulima. Mwenye kuiweka sheria hiyo aliwajua wanadamu. Alijua kwamba bwana akiwa shambani na jembe, hakuna mtumishi atakayekaa kivulini kwa raha hata apewe ruhusa iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Pumziko la mkubwa limefanywa kuwa wajibu kwa kuwa ndilo lango la pumziko la mdogo. Na ng'ombe nao wametajwa, na punda, na mgeni aliye ndani ya malango.

Ila mke hakutajwa. Ametajwa mwana, ametajwa binti, mtumwa, mjakazi, mnyama, yeye hayumo. Wafasiri husema kwamba yumo pamoja na mumewe katika yule anayeamriwa, na iwe hivyo, sitagombana nao. Lakini katika nyumba za Gorong'a, mwezi wa Julai, kiongozi wa kwanza kuamka ni mama. Yeye ndiye anayefukua majivu kutafuta kaa lililobaki, anayepasha maji ya mzee, anayekoroga uji wa ulezi, anayemvika mtoto wa darasa la saba na kumtoa mlangoni kabla ya kucha. Ana watu chini yake, ana kazi ya kuwagawia, ana maamuzi, na kwa kila kipimo nilichokitumia hapo juu ni kiongozi. Kwa wanaoshika Sabato chakula cha Jumamosi huandaliwa Ijumaa ili siku takatifu isiwe na kazi ya jikoni, jambo jema sana. Lakini kuni za siku mbili zimekwisha kubebwa Ijumaa hiyo, na maji ya siku mbili, na mgongo uliozibeba ni mmoja. Askari wa Amr walikuwa na Madina ya kwenda kushitaki. Yeye anayo nani? Mumewe ndiye mshitakiwa, jirani yake yumo katika hali ileile, na kamati ya shule, ambayo aghalabu ni ya wanaume, inapokaa kuamua watoto wa mtihani wafike saa ngapi wakati wa kipupwe, huwauliza walimu, humuuliza mtendaji, na ikiwa ni kamati njema sana huwauliza hata watoto wenyewe. Saa yoyote watakayoipitisha, itoe saa moja na nusu, na hiyo ndiyo saa atakayoamka mtu ambaye hakuulizwa.